Mashine Mbili Juu ya Duka la Misumari

Taarifa ya kifo cha Ipyana ilinifikia kwenye simu nikiwa ofisini nakunywa chai, nami nikaisoma kama ninavyosoma matangazo yote ya vifo yanayoletwa redioni kwetu: jina, mahali, mazishi lini, habari ziwafikie nani. Aliyeituma ni binti yake mkubwa. Aliandika, "Shikamoo mama. Baba alisema ikitokea, itangazwe kwenu kwanza." Nikamjibu marahaba, pole sana mwanangu. Nikaenda studio, nikampa mtangazaji, nikasimama mlangoni mpaka akamaliza kurekodi, kisha nikarudi kwenye chai yangu. Ilikuwa bado ya moto. Nikainywa yote, nikala na andazi. Wenzangu ofisini wanasema nina moyo mgumu, na wengine huongeza kwamba ndivyo Wahehe tulivyo. Mimi sioni kama ni ugumu. Habari mbaya huingia kwangu leo, uchungu wake huja siku utakayopenda wenyewe, na mara nyingine hauji kabisa. Nimeishi hivyo tangu nilipokuwa na miaka ishirini na kitu, na najua ni mwaka gani ulioniweka hivyo.

Nilikwenda Mbeya kuzika. Msiba ulikuwa nyumbani kwake Ilomba, maturubai mawili, wanaume kwenye viti vya kukodi, sisi wanawake ndani, kwenye mikeka. Walipika wali na maharage, na ndizi kwa waliotaka. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniangalia kwa muda, akaona silii wala siimbi, akauliza, "Mama, samahani, wewe ni nani kwa marehemu?" Nilifikiri. Mke wake nilikuwa namfahamu kwa salamu za simu tu. Ndugu hatukuwa. Nikasema, "Tulibishana mwaka mzima." Yule mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimetaja ukoo unaojulikana, akanisogezea sahani ya ndizi.

Tulibishana ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Kanti, Iringa mjini. Chini waliuza misumari, rangi, bawaba na mabati. Juu, kwa ngazi ya mbao iliyokuwa ikilalamika, kulikuwa na redio. Mzee Kanti alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale mjini, baba yake aliuza misumari kabla yake, na alipoulizwa kwa nini ameanzisha redio alijibu kwamba amekaa na misumari maisha yake yote na haijawahi kumsemesha. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na mablanketi mawili ya kijivu mlangoni. Harufu ya rangi ilipanda kutoka dukani kutwa nzima. Sakafu ilikuwa nyembamba, kwa hiyo tulisikia kila neno la chini: mtu anaomba kupunguziwa bei ya kitasa, mtu anasimulia shamba lake la viazi, Mzee Kanti anamwambia mteja, "Bawaba hii itakuzika wewe, na wajukuu wako wataendelea kuugonga huo mlango." Adhuhuri mke wake, Mama Nilesh, alituletea chapati na dengu kwenye bakuli la bati. Hivyo ndivyo vyakula ninavyovikumbuka mwaka ule, chapati na dengu. Ladha yake siikumbuki, nakumbuka mvuke tu.

Mzee alikuwa amenunua kompyuta mbili zilizokwishatumika, akataka muziki na matangazo yatoke humo badala ya kaseti. Programu ya wizi hakuitaka, na ya kununua hakuitaka zaidi. Tukaletwa sisi wawili, vijana tuliotoka chuo, kila mmoja na CD zake mkobani. Mimi nilikuja na Linux. Ipyana alikuja na FreeBSD. Yote miwili ni mifumo endeshi ya bure, yote imetoka katika ukoo mmoja wa Unix, na kwa asiyejua ni kioo cheusi chenye maandishi meupe, basi. Mzee alitusikiliza, akasema, "Kila mtu aweke wake, mashine yake. Mwisho wa mwaka nitachagua moja. Na fundi nitabaki naye mmoja, wa mashine hiyo. Wawili siwawezi." Alisema hivyo bila ubaya, kama anayetaja bei. Ipyana alikuwa na kwao Ilomba, na mjomba mwenye ofisi ya kuchapa. Mimi nilikuwa na mama yangu Kilolo, nyumba ya matofali mabichi na shamba la mahindi, na kazi hiyo.

Ipyana alipenda kubishana kuliko kula. Alikuwa mrefu, sweta moja ya kijani, na akianza hoja anakunja mikono kama mzee wa kanisa. "Sikiliza, Lu," aliniambia siku ya kwanza. "Hilo Linux lako ni kande. Mahindi ya huyu, maharage ya yule, chumvi umeazima. Linaiva, sikatai. Lakini ukipata jiwe humo ndani, utamlaumu nani? Hili langu ni ugali. Mpishi mmoja, sufuria moja, mwiko mmoja. Kiini chake na vyombo vyake vimepikwa pamoja." Nikamwambia ugali mtupu haupiti kooni. Mashine yake ilikuwa haijaitambua hata kadi ya sauti, na redio bila sauti ni duka la misumari. Mfumo wangu ulitambua kadi siku hiyohiyo, ukawa na programu za kurekodi, za kukata, za kupanga nyimbo, uchague mwenyewe. "Ninyi Wanyakyusa," nilimwambia, "mko tayari kulala njaa ilimradi mmeshinda." Akacheka mpaka Mzee akagonga dari kwa ufagio kutoka chini. Ilimchukua siku kadhaa kutafuta kadi ya zamani inayoelewana na mfumo wake. Ilipoelewana, haikusumbua tena.

Mwaka mpya ulianza na mashine, ndivyo Mzee alivyotaka. Tarehe mosi Januari nilikuwa nimevaa vifaa vya masikioni, nikipima sauti ya matangazo ya kwanza kuwekwa kwenye kompyuta. Msomaji wetu, Dada Suzana, alikuwa ameyarekodi asubuhi kutoka kwenye vikaratasi vilivyoachwa dukani. Wote pale waliniita Fundi, au Lu. Jina langu kamili Suzana hakulijua. Nilisikiliza la kwanza, nikapunguza kidogo. La pili lilisema: Mzee Yohana wa Kilolo anasikitika kutangaza kifo cha dada yake mpendwa, Anjelina, kilichotokea alfajiri ya leo. Habari ziwafikie mdogo wake, Mama Tuli wa Igowole, na binti yake Lusungu aliyeko Iringa mjini. Mazishi ni kesho. Atakayesikia amwarifu na mwenzake. Nililisikiliza hadi mwisho. Mshale wa kipimo ulicheza vizuri, haukugusa wekundu. Ipyana aliniuliza kwa ishara ya mkono, vipi? Nikasema, "Sauti iko sawa." Kisha nikavua vile vifaa nikaviweka mezani, nikavipanga viangalie upande mmoja, nikasema, "Huyo ni mama yangu."

Krismasi nilikuwa naye. Alikuwa mzima, alinifokea kwa kusafiri na viatu vya wazi. Kijijini kwetu simu haikushika, na redio ndiyo ilikuwa njia ya kuwaita watu wa mbali wawahi kuzika. Nimewaita wengi kwa njia hiyo tangu wakati ule. Ipyana alinisindikiza stendi, akanivalisha sweta yake, akasema, "Nenda. Mashine yako nitaiangalia kama yangu." Na aliiangalia. Niliporudi baada ya msiba niliikuta inapiga muziki bila kukosea, naye ameweka kikaratasi juu ya kibodi: kande imelala salama. Kilolo sikuwa nimelia. Shangazi zangu walinisukuma mbele ya jeneza wakidhani nikiona uso nitavunjika, nami niliona uso, nikaona wameufunga kitambaa vibaya upande wa kushoto. Hapo ndipo ganzi ilipoingia, na ilinikaa vizuri kama sweta ile. Wajomba walichukua nyumba na shamba kwa utaratibu wao, na mimi sikuwa na nguvu ya kuuliza. Niliporudi Iringa nilijua jambo moja tu, kwamba Desemba Mzee Kanti akichagua mashine nyingine, sina pa kwenda.

Basi tukazijaribu. Huko Ulaya wanapima uimara wa mfumo kwa kuuacha uwake miaka. Sisi umeme ulikatika tulipokuwa tukitandika kitanda, ukarudi tukiwa sokoni. Mashine ambayo haijawahi kuanguka hatukuwa na habari nayo. Tulitaka kujua ikianguka itaamkaje. Kwa hiyo tulizing'oa plagi. Zikiwa katikati ya wimbo, katikati ya kurekodi, katikati ya kunakili, Ipyana alihesabu mpaka tatu nasi tukavuta nyaya zote mbili kwa pamoja. Mfumo wangu uliamka upesi, ukarudi kwenye wimbo kabla dengu haijapoa. Wake ulikaa kimya, ukikagua diski yake polepole kama mtu anayehesabu mbuzi zizini, kisha ukaamka nao umekamilika. "Umeona?" nilisema. "Nimeona una haraka," alijibu. Juni ilipoingia na baridi yake, tulikuwa tukivuta plagi tumevaa soksi mikononi. Mimi niliongeza programu mpya kila zilipopatikana, kwa sababu watangazaji waliomba hiki na kile, na kuna wiki muziki wangu ulianza kukatakata kwa sababu ya toleo jipya moja lisiloelewana na lingine. Wake haukuongezwa kitu, na haukukatika. Hoja yake ilikuwa inashinda bila yeye kusema neno, jambo ambalo nadhani lilimuuma kidogo.

Aliyeupinga mfumo wake kwa moyo wote ni Dada Suzana. Kwenye kasha la CD za Ipyana palichorwa kikatuni chekundu chenye mkia, pembe na uma mkononi, ndiyo alama yao. Suzana alikuwa mlokole. Aliligeuza kasha kifudifudi, akaweka Biblia juu yake, akatangaza kwamba hatasoma habari za marehemu mbele ya pepo. Ipyana akaeleza, mikono imekunjwa, kwamba hicho ni kichekesho tu cha mafundi, kwamba mashine hufanya kazi nyingi kwa siri na hao ndio watumishi wake. "Watumishi wa nani?" Suzana aliuliza. Hapo hata Mzee Kanti, aliyekuwa amepanda kuangalia, alisema, "Kijana, hapo nyamaza." Ipyana akalivika lile kasha jalada la gazeti. Hata hivyo ilipofika Oktoba Mzee aliamua mashine ya kwenda hewani iwe ya Ipyana, yangu ibaki ya kurekodia, na hapo nilijua Desemba itakuwaje. Nilianza kuwasikiliza wateja kupitia sakafu, pengine mmoja atataja kazi mahali.

Ipyana alikuwa ameipanga mashine yake kwa akili, na kwa kuwajali watu. Matangazo ya kila siku yalikaa kwenye jalada lenye jina la mwezi na siku. Umeme ukikatika na mashine ikaamka, kabla ya muziki ilisoma kwanza matangazo ya siku hiyo ambayo hayajasomwa, ili mtu wa mbali asikose mazishi kwa sababu ya umeme. Yale ya nyuma, tangu Januari, aliyanakili humo kutoka mashine yangu, bila alama ya kwamba yalishasomwa. Novemba, adhuhuri, umeme ulikatika. Suzana alikuwa amekwenda kula. Jenereta ilinguruma uani, mashine ikajikagua polepole, ikaamka, na mimi nikiwa na chapati mkononi nikasikia sauti ya Suzana ikisema: Mzee Yohana wa Kilolo anasikitika kutangaza kifo cha dada yake mpendwa, Anjelina, kilichotokea alfajiri ya leo. Ipyana aliruka kutoka kwenye kiti, mkono ukaenda kwenye kibodi. Nikasema, "Acha iishe." Akaniangalia. Ikaisha. Habari ziwafikie mdogo wake, Mama Tuli wa Igowole, na binti yake Lusungu aliyeko Iringa mjini. Nilikuwa bado niko Iringa mjini. Nilikuwa nimekaa kiti kilekile.

Kesho yake mama mdogo alifika. Mama Tuli mwenyewe, kutoka Igowole, amejifunga khanga kiunoni kwa namna ya msibani, kichwani debe la mahindi. Hakwenda Kilolo. Alikuja dukani, akamwuliza Mzee Kanti, "Redio iko hapa?" Tukaitwa, tukashuka, Ipyana mbele yangu akijaribu kueleza kwamba ni makosa, mama, mashine imekosea, tunaomba radhi. Mama mdogo alimwacha amalize, kisha akasema, "Najua alikufa Januari, mwanangu. Nililetewa habari wameshazika. Redio yangu haikuwa na mawe ya betri, sikusikia. Nimekaa na hilo mwaka mzima, kwamba dada yangu ameniita kwa jina na mimi sikuitika. Jana nimesikia. Nimekuja." Akatua debe, akaketi chini, kwenye sakafu ya simenti kati ya mabati na ndoo za rangi, akaanza kulia kama wanavyolia kwetu, kwa sauti, akimtaja mama yangu kwa majina ya utotoni niliyokuwa siyajui. Wateja wawili, wanawake waliokuja kununua misumari, wakaweka vikapu vyao wakaketi naye, mtu haulizi. Mzee Kanti akashusha mlango nusu. Mama Nilesh akaleta chai. Suzana akashuka, akaketi, akaimba. Mimi nikaketi mwisho. Sikulia. Lakini nilisikia ubaridi wa simenti ukipanda miguuni, baridi kali, na nikafahamu kwamba ni kitu cha kwanza kunigusa tangu tarehe mosi Januari. Niliushukuru ubaridi ule. Mama mdogo alinivuta kichwa nikaegemea bega lake, lililonuka majani ya chai na moshi, akasema, "Wewe lia ukiweza. Mimi nitalia machozi yetu sote wawili."

Alipoondoka, Mzee alituita. Suzana alikwishasema lake, kwamba alituonya kuhusu yule mwekundu. Mzee hakuwa mtu wa pepo, ila alikuwa mfanyabiashara, na redio inayozika watu mara mbili haifai. "Nimechagua," alisema. "Mashine ya binti. Ipyana, utamaliza mwezi." Nilikuwa nimeshafungua kasha la mashine asubuhi ile. Nikaweka mezani kibetri cha duara, kama kitufe cha koti. "Mzee, hiki ndicho hutunza saa ya mashine umeme usipokuwepo," nilimwambia. "Kimekufa. Kikifa, mashine hii ikiamka hudhani ni tarehe mosi Januari. Ilifungua jalada la siku hiyo. Mfumo haukukosea. Ulisoma ulichoambiwa." Mzee akauliza, "Na wako ungefanyaje?" Nikasema ungefanya vilevile, ila upesi zaidi. "Sasa kwa nini unaniambia? Nimeshakuchagua wewe." Nikasema, "Nimekuambia kwa sababu ndivyo ilivyo." Sikuwa jasiri. Nilikuwa sina nguvu ya kusema kitu kingine.

Ipyana ndiye aliyemaliza mabishano, na ni mara moja tu alipofanya hivyo. Alikunjua mikono yake. "Mzee, mfumo uwe wangu, fundi awe Lu. Mimi narudi Mbeya." Tulipopanda juu nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akikata waya, hakugeuka. "Mimi nina pa kurudi, dada. Halafu ukiona mtu analisikiliza tangazo la mama yake mpaka mwisho ili asikatize kipindi, huyo muachie redio." Alinunua betri kwa fundi saa aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akaipachika, akaongeza mwaka kwenye majina ya majalada, kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekifikiria. Akauliza kama afute tangazo lile. Nikasema aliache. Kisha akanionyesha jinsi ya kuutunza mfumo wake, amri kwa amri, na kila nilipouliza kama naweza kuongeza programu fulani nzuri alisema, "Jaribu uone, nitatoka Ilomba kwa miguu."

Sikuongeza. Mashine zimebadilika mara nyingi tangu hapo, Mzee Kanti ametutoka, redio imehamia jengo la vioo, lakini ya hewani nimeiacha na FreeBSD na mpango wake uleule wa kuamka. Linux niko nayo mezani kwangu, naipenda, inanisumbua.

Tangazo la Ipyana lilisomwa siku moja kabla ya mazishi, kama inavyopaswa, mchana na jioni. Niliporudi kutoka Mbeya niliingia chumba cha mitambo na begi langu bado begani. Kijana wa zamu aliniamkia, nikaitikia. Nikapita nyuma ya meza, nikahesabu mpaka tatu kwa sauti, nikang'oa plagi. Redio ikanyamaza mkoa mzima. Kijana akasema, "Mama! Kuna nini?" Nikasema, "Najaribu." Nikaurudisha waya. Mashine ikaanza kujikagua, polepole, haina haraka na mtu. Nikasimama mbele ya spika, nikangoja imtaje Ipyana, kama ilivyomtaja mama yangu. Ikaamka. Ikaangalia saa yake, na saa ilikuwa sahihi. Ikatafuta tangazo la siku hiyo ambalo halijasomwa, haikuliona. Ikapiga muziki.

Nikaketi sakafuni, palepale, na sakafu ilikuwa baridi.